Naibu wa mchunguzi wa vifo: kaunti inalipa nini, inadai masomo gani

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Lexington, Kentucky, mzaliwa wa Uvira, Kongo. Nimelifupisha, maneno ni yake:

"Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mimi ni msaidizi wa wauguzi. Kuna bibi alianguka akavunjika nyonga, na siku tisa baadaye akafariki kitandani kwake. Nilidhani watakuja watu wa mazishi tu. Akaja mama mmoja na begi na kamera, akahesabu vidonge vya marehemu kimoja kimoja, akanihoji karibu nusu saa. Wakaniambia ni naibu wa korona wa kaunti. Aliniachia kadi yake, akasema wanatafuta watu. Je, kazi hii inalipa? Inataka shule gani? Nina diploma ya sekondari ya hapa, cheti cha usaidizi wa wauguzi na watoto watatu. Na ujuzi huu ungefaa huko nyumbani?"

Mdogo wangu, shikamoo yako nimeipokea. Kabla ya yote, tuliache hilo neno "korona". Ndivyo Kiingereza chao kinavyotamkwa mdomoni mwetu, lakini tangu 2020 ukimwambia mtu korona yuko mlangoni atakimbilia barakoa. Mimi nitasema mchunguzi wa vifo, na naibu wake.

Nianze na pesa, maana ukitazama jinsi ulivyoandika, hapo ndipo roho yako ilipo. Katika kaunti nyingi za Kentucky, unaibu haulipi kodi ya nyumba. Usiiache zamu yako ya usiku kwa ajili ya kadi hiyo. Lakini kadi usiitupe, na sababu nitakupa.

Nimekuwa naibu miaka kumi na mmoja katika kaunti ndogo ya mashamba ya tumbaku na farasi, kabla sijahamia ofisi ya mjini ninakolipwa mshahara wa kueleweka. Mwaka wangu wa kwanza nililipwa dola 60 kwa kila mwito. Kusubiri kulikuwa bure. Nikupe usiku mmoja kama ulivyokuwa. Simu iliita saa saba na dakika arobaini usiku. Saa nane na nusu nilikuwa mlangoni kwa marehemu, mzee wa watu aliyekutwa na mwanawe kwenye sakafu ya bafu. Nilitoka pale saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, nikafika kwangu saa kumi na mbili unusu, na ripoti ikanila saa nzima nyingine. Jumlisha: karibu saa sita. Dola kumi kwa saa, na petroli ya maili 52 ikatoka mfukoni mwangu. Usiku uliofuata nililala na simu chini ya mto, nguo zimekunjwa kitini, sikuitwa. Hizo saa kumi na mbili zilikuwa za bure kabisa.

Tulipokaa chini na mume wangu mwisho wa mwaka tukapiga hesabu, tuligundua kwamba kazi ya kweli niliyokuwa nikiiuza ilikuwa kuwapo. Kuwapo Krismasi, kuwapo siku ya arusi ya mdogo wangu, kuwapo theluji ikianguka. Kaunti ilikuwa inalipia vifo tu. Ukielewa tofauti hiyo utajua swali la kumwuliza yule mama: usianze na "mnalipa kiasi gani", anza na "mnalipia nini".

Malipo huja kwa namna tatu. Kuna kaunti zinazotoa posho ya mwezi, iwe umeitwa mara moja au mara kumi. Kuna zinazolipa kwa mwito kama nilivyolipwa mimi. Na kuna ofisi kubwa, kama za Louisville na hapo kwenu Lexington, zenye manaibu wa kudumu wanaofanya zamu, wana bima ya afya na likizo kama watumishi wengine wa umma. Nafasi za namna hii ya tatu ni chache, na zikitangazwa hupiganiwa na wauguzi, mafundi wa gari la wagonjwa na askari wastaafu. Wengi wanaozipata walianzia kwenye namna ya kwanza au ya pili, na ndiyo maana nikasema kadi usiitupe.

Tahadhari moja kuhusu namba za kwenye intaneti. Ukitafuta mshahara wa kazi hii utakutana na wastani unaozidi dola 70,000 kwa mwaka, tena umeandikwa kana kwamba ni wa serikali ya shirikisho. Namba ni ya kweli, ila si ya kwetu. Takwimu za kazi za Marekani zimetuweka ndani ya kundi moja kubwa pamoja na wakaguzi wa kanuni wa mabenki, wa viwanda na wa mazingira. Mkaguzi wa kanuni wa benki New York na naibu wa kijijini Kentucky wanaingia chungu kimoja, kisha unaonjeshwa mchuzi. Niliwahi kumwona kijana ameacha kazi ya ghala kwa ajili ya namba hiyo. Alirudi ghalani baada ya miezi mitano.

Kwa nini malipo ni madogo? Kwa sababu ya namna ofisi yenyewe ilivyozaliwa. Cheo hiki kilianzishwa Uingereza mwaka 1194, na kazi yake haikuwa sayansi: ilikuwa kulinda haki za mfalme, zikiwemo mali zilizomwangukia mfalme pale mtu alipokufa kwa jinai au bila maelezo. Walowezi wakavuka nacho bahari. Leo Kentucky ina kaunti 120, na kila moja humchagua mchunguzi wake kwa kura kama inavyomchagua sherifu. Katiba ya jimbo inamtaka awe raia, ametimiza miaka 24, ameishi jimboni miaka miwili na katika kaunti mwaka mmoja. Udaktari hautajwi. Vijijini mchunguzi wa vifo mara nyingi ndiye mwenye kampuni ya mazishi, kwa sababu ya kawaida kabisa: yeye ndiye mwenye gari refu, machela na chumba cha baridi. Bajeti yake inatoka kwa baraza la kaunti, ambalo huku huitwa mahakama ya fedha ingawa halihukumu mtu, na pale mezani anashindana na barabara zenye mashimo na jela inayovuja. Marehemu hawapigi kura, na jamaa zao wakishazika hawarudi kwenye kikao cha bajeti.

(Mchunguzi mwenye kampuni ya mazishi ni jambo linalonikera, lakini nisikuchoshe. Wewe jua tu kwamba ukiwa naibu huruhusiwi kumwelekeza mfiwa kwa kampuni ya bosi wako. Akikuuliza "tumpeleke wapi?", mpe orodha nzima au nyamaza.)

Majimbo mengine yamejaribu kulitatua suala la malipo kwa njia zao. Indiana, ng'ambo ya mto Ohio, sheria inasema mchunguzi aliye daktari mwenye leseni alipwe mara moja na nusu ya yule asiye daktari. Jimbo la Ohio limekwenda mbali zaidi: lazima awe daktari, tena mwenye leseni kwa miaka miwili kabla ya uchaguzi, na mshahara wake unapangwa na sheria ya jimbo kwa kufuata idadi ya watu wa kaunti. Kwenye kaunti kubwa anaweza kuchagua kuacha zahanati yake binafsi, akalipwa zaidi. Georgia, kwa miaka mingi, sheria yao ilitaja dola 175 kwa kila kifo kilichochunguzwa, na 250 pale jopo la raia lilipoitwa kusikiliza. Kwa hiyo ukihamia jimbo jingine, usibebe matarajio ya Kentucky.

Sasa shule.

Hapa unaweza kutabasamu. Ili uwe naibu Kentucky, sheria inakutaka uwe na diploma ya sekondari au inayolingana nayo. Unayo. Ndani ya mwaka wa kwanza upitie mafunzo ya msingi ya saa zisizopungua 40, halafu kila mwaka unaofuata saa 18 za kujiongezea ujuzi. Daktari mwenye leseni amesamehewa. Mafunzo hutolewa na idara ya jimbo inayofundisha polisi, iliyoko Richmond, nusu saa kwa gari kutoka kwako.

Saa 40. Ni juma moja la kazi. Cheti chako cha usaidizi wa wauguzi, kile cha kumgeuza mzee kitandani na kumpima presha, sheria ya shirikisho inakitaka kiwe cha saa zisizopungua 75. Yaani wewe uliyemwogesha yule bibi akiwa hai umelazimishwa kusoma karibu mara mbili ya yule aliyekuja kuamua kifo chake kiandikwe vipi. Simdharau mwenzangu, kwa maelezo yako anaijua kazi, na huenda ana miaka mingi nyuma yake. Nasema sheria imeweka sakafu tu, na ukiishia kwenye sakafu utakuwa naibu mbaya.

Indiana nao wana saa zao, ila wana jambo moja ninalolipenda. Mchunguzi aliyechaguliwa anapewa miezi sita awe amemaliza mafunzo, naibu anapewa mwaka mmoja, na mchunguzi asipomaliza mshahara wake unazuiwa mpaka amalize. Kila mwaka saa nane za marudio. Pennsylvania pia wana saa nane kwa mwaka. Ohio, mbali na udaktari, mchunguzi mpya anasomeshwa saa 16 kabla hajaapishwa, na saa 32 nyingine ndani ya muhula wake wa miaka minne. Mwaka 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilipendekeza mfumo huu wa kuchagua wachunguzi kwa kura uondolewe kabisa, mahali pake wakae madaktari wa kuajiriwa. Kaunti nyingi zilisoma, zikaweka kabatini. Madaktari bingwa wa kupasua maiti kwa ajili ya sheria hawatoshi nchi nzima, wako mia kadhaa tu, na kijiji cha milimani hakiwezi kumlipa hata mmoja. Hivyo kazi ya kwanza, ile ya mlangoni, itaendelea kufanywa na watu kama mimi na wewe.

Kitu gani hufundishwa katika hizo saa 40? Nitakueleza kwa kifo chako, cha yule bibi.

Kila kifo kina maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni sababu: nini kimemuua. La pili ni namna: kifo kimetokea vipi. Namna ziko tano tu kwenye cheti: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa na mtu mwingine, au haikubainika. Bibi wa miaka mingi mwenye moyo dhaifu akifa kitandani, daktari wa kituo anaweza kusaini "maradhi ya moyo" kwa nia njema kabisa. Lakini alianguka. Nyonga ikavunjika, akalazwa chali, mapafu yakajaa, akafa. Mnyororo ule ulianzia kwenye kuanguka, kwa hiyo namna yake ni ajali, hata kama siku tisa zimepita, na kifo cha ajali ni cha mchunguzi wa kaunti. Ndiyo maana yule mama alikuja, na ndiyo maana alikuuliza wewe: alianguka saa ngapi, reli ya kitanda ilikuwa juu au chini, viatu gani miguuni, nani alimwona wa mwisho. Wewe ndiye uliyekuwapo usiku. Daktari aliyekuwa tayari kusaini alikuwa kwake amelala.

Na vidonge? Hilo ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji mashine. Chukua chupa ya dawa ya maumivu. Lebo inasema imetolewa tarehe 3, vidonge 60, viwili kwa siku. Leo ni tarehe 18. Siku kumi na tano, vidonge 30, kwa hiyo vingine 30 vinatakiwa vibaki. Unavimwaga juu ya karatasi nyeupe, unavihesabu viwili viwili kwa ncha ya kalamu, unapiga picha pamoja na rula. Vipo 11. Vimepungua 19. Havijakuambia nani kafanya nini. Pengine marehemu alivimeza, pengine kuna mjukuu anaviuza, pengine muuguzi alivimwaga kwa bahati mbaya asiandike. Lakini sasa unajua kwamba damu yake lazima ipelekwe maabara, na hukujua dakika tano zilizopita. Tangu fentanili, ile dawa kali ya maumivu inayoua watu wengi, ivamie Kentucky, hesabu hiyo ya mezani imefichua mengi kuliko kisu cha daktari.

Utafundishwa pia kuutazama mwili. Maiti huanza kukakamaa taya na shingo baada ya saa mbili hadi nne hivi, hukakamaa wote kama saa kumi na mbili, kisha hulegea. Damu hushuka sehemu za chini na kuacha rangi ya zambarau, na baada ya saa nane hadi kumi na mbili rangi haihami tena. Ukimkuta mtu amelala kifudifudi na rangi iko mgongoni, kuna aliyemgeuza. Chumba chenye joto huharakisha, baridi huchelewesha. Mwalimu atakupa picha. Usiku wa kwanza peke yako utagundua kwamba picha hazina harufu.

Nguvu utakazopewa ni kubwa kuliko mshahara. Kwa sheria ya Kentucky mchunguzi wa vifo na manaibu wake wana mamlaka ya askari wa usalama: kukamata, kubeba silaha, kuapisha shahidi, kuingia kwenye nyumba au kiwanja cha mtu kwa ajili ya uchunguzi, kuchukua vielelezo, kudai faili la hospitali. Mwili hauondolewi mahali pake mpaka ofisi yetu iruhusu, hata askari wangapi wawe wamesimama pale. Kwa sababu hiyo, kabla hujajaza fomu yoyote, uliza waziwazi kuhusu uraia. Kama umeshaapa, sawa. Kama bado una kadi ya ukaazi, usikubali kuambiwa "tutaona baadaye". Unaapishwa mbele ya sheria, na karatasi ya uhamiaji si jambo la kubahatisha.

Kuna kitu hukuuliza ila nimekisoma katikati ya mistari. Wewe ni Mswahili wa Uvira katika mji ambao Kiswahili kimekuwa lugha kubwa ya wageni baada ya Kihispania. Siku utakayovaa ile jaketi, kila kifo cha Mkongo, Mrundi au Mtanzania pale Lexington kitakufuata, hata usiku ambao si zamu yako.

Nikupe mfano. Nilifika nyumbani kwa familia ya wakimbizi, baba amefariki ghafla, miaka 44, akitoka kazini kwenye kiwanda cha nyama. Sebule ilijaa. Kina mama wameshakaa chini, kanga zimeshafungwa viunoni, kilio kimeanza. Bosi wangu alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema kwa Kiingereza kwamba mwili utapelekwa Frankfort, mji mkuu wa jimbo, kupasuliwa. Mtoto wa miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa akimtafsiria mama yake. Yule mtoto alifika kwenye neno "kupasuliwa" akakwama, akanitazama. Nilimwambia, mwanangu, nenda kamletee mama maji. Kisha nikapiga magoti kwenye zulia, nikampa mama pole, nikasubiri. Nikamwuliza jina la marehemu kwa heshima, watoto wangapi, wametoka wapi. Baadaye ndipo nikamweleza: mtu mzima wa afya akifa ghafla, sheria ya hapa inataka tujue kwa nini, hatuombi ruhusa ya familia, lakini atarudishwa kamili, ameshonwa, na mtamwosha wenyewe. Shemeji yake alisimama kwa hasira. Mzee mmoja wa kanisa akamkalisha. Mwili ulirudi siku ya pili jioni. Mishipa ya moyo ilikuwa imeziba, na kaka wawili wa marehemu wakaenda kupimwa.

Kwa familia ya Kiislamu jambo ni la haraka zaidi, kila saa inayopita inawaumiza. Utajifunza kupiga simu Frankfort alfajiri, kueleza kwa adabu kwamba kuna watu wanasubiri kuzika, na mara nyingi watakusikiliza.

Sasa hapa ndipo nataka uwe mkali. Ukiwa na lugha hii, ofisi itakutumia. Mkalimani wa simu hulipwa kwa dakika, wewe utaombwa "dakika moja tu" bila malipo, mara ya kwanza, mara ya ishirini. Mimi nilikubali miaka mitatu kwa sababu ya haya. Wewe usione haya. Sema siku ya kwanza: Kiswahili changu ni kazi ya ziada, mnailipaje? Wakicheka, cheka nao, kisha rudia swali.

Kuhusu vyeti vya mtandaoni. Utaona matangazo ya "uthibitisho wa mpelelezi wa vifo" kwa mamia ya dola, umalize kwa wikendi mbili. Cheti kinachoheshimiwa nchini ni cha bodi ya wapelelezi wa vifo, iliyoanza 1998, na huwezi kukinunua ukiwa nje. Ngazi yake ya kwanza inataka uwe umeajiriwa katika ofisi ya uchunguzi wa vifo na uwe na saa 640 za kazi yenyewe, kisha mtihani. Ngazi ya juu inataka saa 4,000 na shahada ya chuo ya miaka miwili. Kwa mwito wa saa sita mara mbili kwa wiki, saa 640 utazifikisha kwa mwaka na zaidi kidogo. Hapo ndipo zile dola 60 zinapopata maana nyingine: unajikusanyia saa. Hicho cheti ndicho kilichonitoa mashambani. Mtu akikuuzia kozi kabla hujaajiriwa, mwulize kwa upole kama itakupa saa hata moja kati ya hizo 640.

Umeuliza mwishoni kama ujuzi huu ungefaa nyumbani. Mifumo haifanani. Kongo imefuata sheria ya Kibelgiji, kifo chenye utata ni cha mwendesha mashtaka, naye ndiye anayemwita daktari. Tanzania, sheria ya uchunguzi wa vifo ya 1980 imempa hakimu kazi hiyo. Kenya walipitisha sheria ya huduma ya wachunguzi wa vifo mwaka 2017, wakaiacha ikae, na makaburi ya Shakahola yalipofukuliwa 2023, miili zaidi ya 400, watu wakaanza kuuliza iko wapi. Siku wataiamsha vizuri watahitaji watu wanaojua kusimama mlangoni kwa mfiwa. Lakini usisomee kazi hii kwa tumaini hilo. Isomee kwa ajili ya Lexington.

Utakapompigia yule mama, uwe na karatasi. Mwulize kama malipo ni ya mwezi au ya mwito, na mwito ukichukua muda wa saa nane nzima wanafanyaje. Mwulize maili: kiwango cha mamlaka ya kodi kwa 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili, wao wanatoa ngapi? Nani ananunua glovu, jaketi, buti? Juma la Richmond linalipwa au unapoteza mshahara wako wa nyumba ya wazee? Zamu ngapi kwa mwezi, na nani anakaa na watoto simu ikiita? Hilo la mwisho jiulize mwenyewe kabla hujamwuliza yeye, kwa sababu huwezi kwenda na mtoto kwenye tukio, na sijaona kaunti inayolipia yaya wa saa nane usiku. Halafu omba kwenda naye mara mbili tatu kama mtazamaji. Akikataa, fikiri upya. Akikubali, kula kidogo kabla ya kutoka, vaa viatu ambavyo hutajuta kuvitupa.

Bajeti ya kaunti ni ya umma. Nenda ofisi ya karani mchana mmoja uitazame, tafuta mstari wa uchunguzi wa vifo, ugawanye kwa idadi ya manaibu. Utapata picha iliyo karibu na ukweli kuliko barua hii.

Na simu hiyo ipige mchana, saa nane au saa tisa hivi. Asubuhi huenda ndiyo kwanza amelala.